Mfupa, Chuma na Haki ya Majeruhi wa Kisangani

Vita vya Siku Sita, ambavyo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, nchini Kongo, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, viliua raia kati ya 244 na 760 na kujeruhi wengine zaidi ya 1,000, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Mfupa uliosagwa na kombora mara nyingi hauungi bila chuma. Lakini historia ya upasuaji inafundisha kwamba mwili haukipokei chuma kwa sababu ya nguvu zake tu. Hukipokea kwa kadiri uso wake unavyopatana na mfupa.

Mwaka 1937, Venable na Stuck, wapasuaji wa Texas, walionyesha kuwa metali tofauti zikikutana mwilini huzalisha umeme, zikaliwa na kutu na kuudhuru mfupa. Wakaisifu Vitallium, aloi ya kobalti na kromi. Leo sehemu kubwa ya kobalti duniani hutoka Kongo yetu. Hata hivyo, kutopata kutu hakukutosha, kwani mwili ungeweza kukizungushia chuma kovu na kukiacha kikilegea. Mwaka 1969 Larry Hench wa Florida, akiwafikiria majeruhi wa vita vya Vietnam, alibuni kioo chenye kalisi na fosforasi kilichoshikamana na mfupa. Mwaka 1985 Ronald Furlong, jijini London, alipandikiza nyonga bandia iliyopakwa haidroksiapatiti, jamii ya madini yanayoupa mfupa ugumu. Unga wa haidroksiapatiti hupitishwa kwenye joto kali na kurushwa juu ya chuma, ukaganda kuwa tabaka jembamba kama unywele, na mfupa mpya ukaota juu yake.

Watu watapinga kwamba hospitali isiyo na umeme wa uhakika haihitaji anasa hiyo. Ni kweli kwamba hakuna mpako unaofidia chumba kichafu cha upasuaji, na msumari wa kuunga paja, ambao huenda ukatolewa baadaye, hauhitaji kushikwa na mfupa. Nyonga bandia ya kudumu ni jambo jingine. Kujua tofauti hiyo ndiyo elimu yenyewe, na inapaswa kufundishwa Kisangani.

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita, na kati yake milioni 225 ni kwa madhara waliyopata watu. Fidia inayoishia kwenye noti mkononi haiungi mfupa. Sehemu yake ijenge huduma ya mifupa, iwasomeshe wapasuaji na kuwafuatilia majeruhi kwa miaka.