Kuongeza ukubwa wa rimu za gari dogo

Kuongeza ukubwa wa rimu ni kitendo cha kuondoa rimu zilizokuja na gari kutoka kiwandani na kufunga nyingine zenye kipenyo kikubwa zaidi. Mara nyingi rimu mpya huwa za aloi ya alumini. Jambo hili hufanywa sana kwenye magari madogo ya familia kama Toyota Corolla. Wamiliki wengi hufanya hivyo kwa ajili ya mwonekano. Wengine hutaka gari litulie zaidi kwenye kona au lipate nafasi ya breki kubwa zaidi.

Kanuni ya msingi ni kwamba rimu hukua lakini gurudumu zima halikui. Inchi inayoongezwa kwenye rimu lazima ipunguzwe kwenye ukuta wa tairi, yaani sehemu ya ubavuni iliyo kati ya rimu na barabara. Ukuta huo pamoja na upepo uliomo ndani ndivyo vinavyobeba mzigo na kupokea mishtuko ya barabara. Kwa hiyo uamuzi wa kubadilisha rimu unahusu usalama wa abiria, si urembo wa gari peke yake.

Historia

Magari madogo ya zamani yalikuwa na rimu ndogo na matairi yenye kuta ndefu. Corolla ya kwanza, iliyotoka mwaka 1966, ilitumia rimu za inchi 12. Tairi la radiali, ambalo kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilipata hataza yake mwaka 1946, liliwezesha kutengeneza matairi mapana yenye kuta fupi. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Pirelli ya Italia ilileta tairi la P7 kwa magari ya mashindano na ya kifahari. Baadaye matairi ya namna hiyo yalifika kwenye magari ya kawaida, na rimu za inchi 15, 16 na 17 zikawa za kawaida kwenye magari ya familia.

Kusoma vipimo vya tairi

Vipimo huandikwa ubavuni mwa tairi. Katika maandishi 195/60R15 88H:
- 195 ni upana wa tairi kwa milimita.
- 60 ni kimo cha ukuta kikiwa asilimia ya upana, hapa milimita 117.
- R inaonyesha kwamba tairi ni la radiali.
- 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.
- 88 ni namba ya mzigo, maana yake kilo 560 kwa kila tairi.
- H ni kikomo cha mwendo, maana yake kilomita 210 kwa saa.

Kipenyo cha gurudumu zima hupatikana kwa kujumlisha kuta mbili na kipenyo cha rimu. Inchi moja ni milimita 25.4. Tairi la 195/60R15 lina milimita 117 mara mbili, kujumlisha 381, yaani milimita 615.

Kuchagua tairi la rimu kubwa

Tairi jipya linapaswa kuwa na kipenyo kinachokaribia sana kile cha awali. Kwa gari lililokuwa na 195/60R15 (milimita 615), hesabu ni hizi:
- 205/50R16: takriban milimita 611
- 205/45R17: takriban milimita 616
- 225/35R18: takriban milimita 615
- 215/55R17: takriban milimita 668

Matatu ya kwanza yanakaribiana na kipenyo cha awali, ingawa kuta zake zinazidi kupungua: milimita 102, kisha 92, kisha 79. Tairi la nne limezidi kwa karibu asilimia 9. Likifungwa, spidomita itaonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi: ikionyesha kilomita 100 kwa saa, gari litakuwa linakwenda karibu kilomita 109. Pia injini na breki hulazimika kufanya kazi zaidi, na tairi linaweza kugusa fenda au shokapu.

Namba ya mzigo

Kosa linalosahaulika mara nyingi ni kuchagua tairi lenye kipenyo sahihi lakini lisiloweza mzigo. Tairi la 205/45R17 hupatikana likiwa na namba 84, yaani kilo 500, na pia likiwa limeimarishwa kwa alama XL na namba 88, yaani kilo 560. Akichukua la kwanza badala ya tairi la awali lenye namba 88, mwenye gari amepunguza uwezo wa matairi manne kwa kilo 240. Dereva akiwa peke yake huenda asione tofauti. Hatari huja gari likijaa abiria watano na mizigo, kwenye safari ndefu na juani, kwa sababu tairi lililozidiwa hupata joto na linaweza kupasuka. Tairi la XL nalo huhitaji upepo zaidi kuliko la kawaida ili libebe mzigo wake wote.

Rimu kulingana na gari

Rimu yenye kipenyo kinachofaa bado inaweza isifae gari husika. Mambo yanayoangaliwa ni haya:

Matundu ya nati. Idadi yake na kipenyo cha duara lake lazima vilingane na gari. Jina la gari halitoshi: Corolla za matoleo mbalimbali zimetumia 4x100, 5x100 na 5x114.3.

Tundu la katikati. Likiwa kubwa kuliko kitovu cha gari, rimu haikai katikati sawasawa na usukani unaweza kutetemeka. Tatizo hili huondolewa kwa pete maalumu yenye vipimo sahihi.

Upana na mkao. Rimu huandikwa kwa mfano 6J ET45. J hufuata upana kwa inchi, na ET ni umbali kwa milimita kutoka mstari wa kati wa rimu hadi uso unaogusana na kitovu. Rimu ya 7J ET38 ikifungwa badala ya 6J ET45, ukingo wa nje hutoka zaidi kwa karibu milimita 20 na wa ndani huingia zaidi kwa karibu milimita 6. Rimu inayotoka nje kupita kiasi huongeza mzigo kwenye beringi na kubadilisha tabia ya usukani.

Nati. Rimu nyingi za aloi za Toyota kutoka kiwandani hutumia nati zenye washa bapa, wakati rimu nyingi za madukani huhitaji nati za mchongoko. Nati isiyofaa hulegea hata ikikazwa kwa nguvu.

Faida na hasara

Ukuta mfupi haupindiki sana, kwa hiyo usukani hujibu haraka na gari hutulia kwenye kona za lami nzuri. Kwa upande mwingine, mishtuko hufika moja kwa moja kwenye rimu, shokapu na bushi. Shimo ambalo tairi lenye ukuta wa milimita 117 lingelimeza linaweza kupinda rimu au kukata nyuzi za ndani za tairi lenye ukuta wa milimita 79. Uvimbe ubavuni ni dalili ya nyuzi zilizokatika, na tairi hilo halifai tena. Gurudumu zito zaidi pia hupunguza wepesi wa gari na kuongeza matumizi ya mafuta. Kwa barabara zenye mashimo, matuta na changarawe, kama zilivyo nyingi za Afrika Mashariki, kuongeza inchi moja huleta madhara machache kuliko kuongeza mbili au tatu.

Ufungaji na ukaguzi

Kabla ya kufunga matairi ya mitumba huangaliwa tarehe ya kutengenezwa: tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT, ambapo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Rimu hukaguliwa nyufa na kupinda. Nati hukazwa kwa mtindo wa nyota kwa spana ya kipimo; kwa Corolla nyingi kipimo ni newtoni-mita 103. Hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Balansi na alaimenti hufanywa, kisha usukani hukatwa hadi mwisho pande zote mbili, gari likiwa na mzigo, kuhakikisha tairi haligusi popote. Kiasi cha upepo huanzia kwenye kibandiko cha mlango wa dereva na kurekebishwa kulingana na tairi jipya.

Katika nchi kadhaa, mabadiliko haya hutakiwa kukaguliwa au kuarifiwa kwa kampuni ya bima.

Tazama pia: Tairi, Gurudumu, Breki, Spidomita