Sindikiza

Sindikiza ni kitenzi kinachotaja tendo la kumtoa mtu anayeondoka: mwenyeji hufuatana na mgeni wake sehemu ya njia, humuaga, kisha hurudi alikotoka. Kinyume chake ni kulaki, yaani kumwendea anayekuja. Kimaumbo neno hili linakaribiana na sindika, kurudisha mlango bila kutia komeo, ingawa ufanano huo pekee hautoshi kujengewa hoja. Fasiri iliyozoeleka inakazia masafa, kwamba msindikizaji haendi mwendo wote. Makala hii inashikilia kuwa masafa ni jambo la pembeni. Kiini cha kusindikiza ni mwenye safari: wanakwenda wawili au mia, lakini safari ni ya mmoja.

Matumizi ya Kinondoni, Dar es Salaam, yanaonyesha hivyo. Mgeni akiaga, mwenyeji humwambia "ngoja nikusindikize" au, kwa lugha ya mtaani, "nikusogeze", na mwendo huishia kituoni, tuseme Mkwajuni au Morocco. Hapa fasiri ya masafa inatosha. Lakini mtaa huohuo, dada akimwambia mdogo wake "nisindikize dukani", wote wawili watafika dukani na wote wawili watarudi. Hakuna anayeachwa njiani, wala hakuna anayeagwa. Kinachobaki ni kwamba mmoja ana haja ya kununua na mwingine hana. Wanaomsindikiza bibi harusi nao humfikisha hadi mwisho, na ndoa si yao. Ushahidi ulio mzito zaidi ni wa msiba. Aprili 2012 maelfu ya watu walimsindikiza mwigizaji Steven Kanumba, aliyeagwa katika viwanja vya Leaders na kuzikwa makaburi ya Kinondoni. Waliofika makaburini hawakuishia nusu ya njia. Walifika kaburini penyewe, wakatia udongo. Hata hivyo hakuna Mswahili atakayesema walisafiri naye. Walimsindikiza, kwa sababu safari ile ilikuwa yake peke yake.

Pingamizi moja linastahili jibu. Mashabiki wa mpira huiita timu dhaifu "wasindikizaji", na mwanafunzi aliyefeli huambiwa amewasindikiza wenzake. Yapo maoni kwamba hii ni maana nyingine kabisa, tena ya dharau, isiyohusiana na heshima ya kumtoa mgeni. Si kweli. Timu hiyo hucheza mechi zote za ligi, na mwanafunzi huyo hukaa chumba kimoja cha mtihani na waliofaulu. Kwa masafa, wamekwenda sawasawa. Kinachowafanya wasindikizaji ni kwamba kombe na cheti vilikuwa vya wengine. Dharau haitoki katika kitenzi, inatoka katika hali: anayemsindikiza mgeni amejitolea muda na miguu yake kwa safari isiyo yake, na hiyo ni adabu; lakini aliyeingia mashindanoni alidai kuwa safari ni yake, kisha ikaonekana siyo. Neno ni moja na maana ni moja. Kamusi inayoyatenga matumizi haya mawili kana kwamba hayahusiani, au inayoishia kwenye "sehemu ya njia", inapaswa kurekebishwa.