Jiwe la Msio: Habari za Utunzaji wa Ngozi Pwani ya Afrika ya Mashariki

Wasikilizaji wetu, katika nyumba nyingi za pwani, tangu Lamu mpaka Kilwa, na katika visiwa vya Unguja na Pemba, lilikuwako jiwe dogo ambalo halikusagiwa nafaka wala halikunolewa kisu. Jiwe hilo ni msio. Kazi yake ni kusugulia kipande cha mti unukiao uitwao liwa. Mwanamke hudondosha juu ya jiwe maji kidogo, au marashi ya mawaridi, kisha husugua ule mti polepole mpaka upatikane uji mzito, laini, wenye harufu nzuri. Uji huo hupakwa usoni na mwilini.

Leo twapenda kuwasimulia habari za jiwe hili, na za vitu vingine vya nyumbani ambavyo wazee wetu walivitumia kuitunza ngozi. Huenda mtu akauliza, "Je, haya nayo ni mambo ya historia?" Twamjibu kwamba ndiyo. Habari za wafalme na vita zimeandikwa mara nyingi, lakini habari za mtungi, mbuzi ya kukunia nazi na jiwe la msio zatuonyesha jinsi watu walivyoishi siku zao zote. Tena, mwisho wa maneno yetu tutaona kwamba jambo hili lahusu afya na uhai wa watu wa leo.

Kwanza tuangalie jinsi desturi hii ilivyoenea. Katika visiwa vya Ngazija na visiwa jirani, wanawake husugua mti unukiao juu ya jiwe la tumbawe na kujipaka usoni. Hapo huitwa msindzano. Huko Bukini huitwa masonjoany. Upande wa kaskazini wa Msumbiji, wanawake wa Kimakua hutumia mti mwingine uitwao mussiro, nao husugua vivyo hivyo, uso ukawa mweupe kama uliopakwa chokaa. Miti si mmoja na majina si mamoja, lakini jiwe, maji na mkono ni vile vile. Hivyo twaona kwamba bahari haikuwatenga watu wa pwani hizi, bali iliwaunganisha. Vyombo vilivyochukua nguo na pembe vilichukua pia maarifa ya wanawake.

Marashi nayo ni ya kale. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko, alifika mji wa Mogadishu kabla ya kuendelea hadi Mombasa na Kilwa. Aliandika kwamba alipopokewa na kadhi wa mji aliletewa tambuu na popoo, kisha akamiminiwa marashi ya mawaridi yaliyotoka Dameski. Yeye aliyaandika kama adabu ya kumpokea mgeni. Sisi twajifunza hapo kwamba, karibu miaka 700 iliyopita, watu wa miji ya pwani hii walikwisha kujua matumizi ya marashi, nayo yalikuwa bidhaa iliyovuka bahari.

Kuoga ndiko msingi wa mambo yote haya. Katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, mji uliohamwa katika karne ya 17, hata leo vyaonekana visima na vyoo vilivyojengwa ndani ya nyumba za mawe. Katika kisiwa cha Unguja, Seyyid Said alijenga hamamu ya Kidichi karibu na mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe aliyetoka katika ukoo wa kifalme wa Uajemi. Baadaye Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, aliwajengea watu wa mjini hamamu ambayo imeupa mtaa wake jina la Hamamni. Binti wa Seyyid Said, Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, alitoa kitabu katika nchi ya Ujerumani mwaka 1886, na humo akasimulia habari za mabafu ya Mtoni, za manukato, na za maua yaliyotiwa katika nguo.

Walakini ni wajibu wetu kusema kweli yote. Katika nyumba hizo kubwa, mikono iliyoteka maji, iliyosugua liwa na iliyowakanda mabibi miguu ilikuwa mikono ya watumwa. Pambo lilikuwa alama ya cheo. Mwanamke mtumwa hakuruhusiwa kujifunika kichwa kama bibi yake. Amri ya kuiondoa hali ya utumwa katika Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897, na baada yake wanawake waliokuwa watumwa walianza kuvaa kanga na mabuibui, kujipaka hina na kujifukiza udi kama walivyopenda. Mtu akidhani kwamba mambo haya ni upuzi wa wanawake, na afikiri tena: kwa mtu aliyekatazwa kujipamba, pambo la kwanza alilojichagulia mwenyewe lilikuwa ushahidi wa uhuru wake.

Sasa tutazame vitu vyenyewe na kazi zake, maana si yote yaliyofanywa na wazee yalikuwa ya kubahatisha.

Mafuta ya nazi hupatikana kwa kukuna nazi, kukamua tui, na kulichemsha mpaka maji yaishe, mafuta yabaki juu na mashapo yakae chini. Ngozi hukauka kwa sababu maji yake hupotea hewani. Mafuta hayaongezi maji, bali huyazuia yasitoke. Kwa hiyo wafaa kujipaka mara baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu, wala usingoje ikauke kabisa. Mbali na pwani, mahali pasipo mnazi, watu walitumia walichokuwa nacho kwa kazi ile ile. Wafugaji walitumia samli na siagi, na watu wa kaskazini ya Uganda walikamua mafuta ya kokwa za mti wayaitayo moo yaa.

Liwa hutuliza ngozi kwa ubaridi, kwa sababu maji yaliyomo hukauka polepole na kuchukua joto. Tena tabaka lake hukinga ngozi na jua. Asali huvuta maji na kuyashika, ndiyo maana hulainisha midomo iliyopasuka. Majani ya mhina yaliyotwangwa yana rangi ambayo hushikamana na ngozi na kucha, isiondoke mpaka ngozi ya juu ibanduke yenyewe.

Kilele cha maarifa haya ni singo. Siku za kumtayarisha bibi arusi, somo wake huchanganya liwa, dalia, maua makavu, karafuu na marashi, kisha humsinga mwili mzima. Kila ukoo una mapishi yake. Mchanganyiko huo husugua na kuondoa taka na ngozi iliyokufa, na kuacha harufu nzuri. Angalieni jambo moja hapa: yule somo ajua kila kitu alichotia, ametoka wapi nacho, na nani alikitumia kabla yake. Akiulizwa na bibi arusi, "Somo, wanipaka nini?" atamjibu pasipo kusita. Jambo hili tulishike, maana tutalirudia.

Katika karne ya 19 mambo yalianza kubadilika. Ufaransa ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1844, na wafanyabiashara wake wakanunua mbata na ufuta wa pwani kupeleka Marseille, mji uliosifika kwa sabuni. Nazi ile ile iliyokunwa jikoni ikawa yasafiri melini na kusindikwa viwandani ng'ambo. Sabuni ni kitu chema sana, wala hatutaki mtu adhani twailaumu. Imeokoa watu wengi na maradhi ya uchafu. Lakini kwa njia hiyo hiyo ya kopo na kasha yalikuja baadaye mambo mengine, ambayo mnunuzi hakuweza kujua yana nini ndani yake.

Hatari ya namna hii haikuanza kwetu. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, mabibi wa vyeo walijipaka usoni unga mweupe wa risasi ili waonekane weupe zaidi. Risasi ni sumu. Iliharibu ngozi, na kadiri ngozi ilivyoharibika ndivyo walivyozidi kujipaka ili kuficha madoa. Bibi mmoja mashuhuri wa Uingereza, Maria Gunning, aliyesifiwa sana kwa uzuri, alikufa mwaka 1760 naye hajatimiza miaka 30, na watu wengi waliamini kwamba aliuawa na unga huo.

Karne ya 20 ilileta hatari iyo hiyo kwa sura nyingine, yaani sabuni na krimu za kuchubua ngozi zenye zebaki. Zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi yake ya asili. Haiishii hapo, bali hupenya mwilini, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Hata wale wakaao nyumba moja na mtumiaji waweza kupata madhara kwa kugusa taulo na matandiko yake. Tena rangi iondolewayo si takataka. Ni kinga ambayo ngozi yetu imepewa juu ya jua kali, na mwenye kuiondoa amevua ngao yake katikati ya vita.

Katika mji wa Minamata, nchi ya Japani, watu wengi walipata ugonjwa mbaya kwa kula samaki wenye zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kwa kuukumbuka mji huo, mataifa yalifanya Mkataba wa Minamata mwaka 2013, nao ukaanza kufanya kazi mwaka 2017. Mwaka 2023 mataifa hayo yalikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe mwaka 2025. Kenya, Tanzania na Rwanda zina sheria za kuvizuia vipodozi vya namna hii. Lakini sheria haiingii chumbani mwa mtu. Kopo lisilo na maandishi bado laweza kuuzwa sokoni kwa siri, na mlinzi wa mwisho ni yule ashikaye kopo mkononi.

Je, basi, tuseme kila cha kale ni chema na kila kipya ni kibaya? La, hasha. Mambo ya kale nayo yana makosa yake. Wanja wa manga mara nyingi ulisagwa kutoka katika jiwe lenye risasi, na watoto wachanga walipakwa machoni kwa nia njema. Hiyo ni desturi ya kuachwa. Maji ya ndimu au limau, yakipakwa usoni kisha mtu akatoka juani, huweza kuunguza ngozi, ikatoka malengelenge na mabaka meusi. Hina nayo, ijapokuwa njema kwa watu wazima, haifai kwa mtoto mchanga, kwa kuwa wako watoto waliozaliwa na damu dhaifu isiyoistahimili, na chembe za damu yao huvunjika. Tena siku hizi wengine huacha hina ya majani wakatumia piko, rangi nyeusi iliyotengenezwa kwa dawa ya kutia nywele rangi. Hina halisi haitoi rangi nyeusi tititi kwa muda mfupi. Piko yaweza kuunguza ngozi na kuacha alama, na aliyedhurika mara moja huenda asiweze kuistahimili tena maisha yake yote.

Kwa hiyo kipimo chetu kisiwe ukale wala upya. Kipimo ni swali la bibi arusi kwa somo wake: "Wanipaka nini?" Kitu kikiwa na jibu la wazi, na jibu hilo ni jema, tukitumie. Kikiwa hakina jibu, kikae dukani.

Ili maneno yetu yasipotee, twayakusanya machache ya kutumika nyumbani. Oga kwa maji safi na sabuni isiyo kali, wala usisugue ngozi mpaka iwashe. Jipake mafuta ya nazi ungali na unyevu. Kabla ya kujipaka kitu kigeni mwili mzima, jaribu kidogo ndani ya mkono, ungoje siku moja au mbili; kikiwasha, kiache. Usipake kitu cha jikoni juu ya kidonda, bali nenda zahanati. Jikinge na jua kali kwa kivuli, kwa mtandio au kwa kofia. Na kopo lisilotaja vitu vilivyomo, au lililo na jina la zebaki au kalomeli, usilinunue hata likiwa rahisi kama bure.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Liwa haikutembezwa mitaani kwa makelele. Ilikaa kimya juu ya jiwe lake, mama akamfundisha binti, na binti akamfundisha mjukuu. Ninyi mlio na bibi na shangazi wazee nyumbani, waulizeni habari hizi wangali hai, mziandike katika madaftari yenu: jina la mti, namna ya kusugua, nani alimfundisha nani. Maana jiwe la msio ladumu miaka mingi, lakini mkono uliojua kulitumia haudumu.