Umri wa ndege ni hesabu ya safari, si miaka pekee

MSAFIRI anayeabiri ndege Lodwar au Kakuma kuelekea Nairobi huketi ndani ya gamba la alumini ambalo aghalabu unene wake ni milimita moja au mbili tu. Katika kaunti ya Turkana, ambako wagonjwa mahututi na wahudumu wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka wa 1992, hutegemea sana usafiri wa anga, uimara wa gamba hilo ni suala la uhai.

Alumini ina uzito wa takriban thuluthi moja ya chuma. Ikiwa tupu ni laini, lakini ikichanganywa na shaba, zinki au magnesi huwa aloi yenye nguvu.

Aloi hiyo ikibebeshwa mzigo mdogo, hunyumbuka na kurejea hali yake. Mzigo ukipita kiasi, umbo hugeuka kabisa, kama sufuria iliyobonyea. Kuna pia dhara la tatu, ambalo wahandisi huliita uchovu: waya ukipindwa huku na huku hatimaye hukatika, ijapokuwa hakuna pindo moja lililoweza kuukata. Kila safari, bawa hupinda, na ndege zenye hewa iliyoshindiliwa ndani hutanuka na kusinyaa. Nyufa ndogo huanza pembeni mwa madirisha na kwenye matundu ya ribiti.

Somo hili lilijifunzwa kwa msiba. Mnamo Mei 2, 1952, ndege ya Comet ilianzisha huduma ya kwanza ya abiria ya ndege za jeti, kutoka London hadi Johannesburg kupitia Khartoum na Entebbe. Mwaka wa 1954, Comet mbili zilipasuka angani karibu na Italia, Januari na Aprili, na watu 56 wakafariki. Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, walizamisha ndege nyingine katika tangi la maji na kuiongezea na kuipunguzia shinikizo. Ilipasuka baada ya safari 3,057, za kweli na za majaribio zikijumlishwa.

Watengenezaji walikuwa wamepima sehemu ya ndege hiyo, nayo ikastahimili mara 16,000 hivi. Sehemu hiyo, hata hivyo, ilikuwa imewahi kutiwa shinikizo kubwa kupita kawaida. Metali ya pembeni mwa madirisha ilinyooka na kugeuka umbo, na mgeuko huo ukachelewesha nyufa. Ndege za abiria hazikuwa na kinga hiyo.

Ndiyo maana modeli za leo hukadiria mgeuko na uharibifu kwa pamoja. Kompyuta huigawa sehemu ya ndege katika vipande vidogo na kukokotoa mkazo wa kila kimoja. Kanuni iliyoenezwa na Mmarekani Milton Miner mwaka wa 1945 hujumlisha uharibifu. Tuseme kipande kinahimili safari 40,000 zenye mzigo wa kawaida, nacho kimekwenda 10,000. Robo ya uhai wake imekwisha. Ikiwa chini ya mzigo mzito kinahimili 5,000, na kimekwenda 2,500, nusu nyingine imetoweka. Imebaki robo.

Kwa hesabu hiyo, safari fupi nyingi huchosha kuliko ndefu chache. Mnamo Aprili 1988, ndege ya Aloha iliyokuwa ikiruka baina ya visiwa vya Hawaii ilipoteza sehemu ya paa angani na mhudumu mmoja akafariki. Ilikuwa na umri wa miaka 19, lakini ilikuwa imekwishafanya safari 89,680.

Ndege itokayo Nairobi, ikatua Lodwar kisha Kakuma, imefanya safari mbili. Zote hazina budi kuandikwa daftarini, na uzito uliobebwa pia. Modeli haiwezi kuhesabu safari ambayo haikuandikwa, na hapo hutegemewa jicho la fundi anayekagua nyufa.