Kizingiti cha Ng'iriama na Maji ya Usangu

Vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere huungana katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, na kulisha kinamasi cha Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea: Ng'iriama, penye kizingiti cha mwamba. Kina kikishuka chini ya mwamba huo, mto Ruaha Mkuu hukatika, hata kama kinamasini maji bado yapo. Mpaka wa hatari, ambao kwingineko hukisiwa kwa hesabu, hapa ni jiwe.

Mpunga wa umwagiliaji ulipanuka miaka ya 1970 kwa shamba la serikali la Mbarali, baadaye Kapunga, huku wakulima wadogo wakijenga mabanio yao ya kuchepusha maji. Kiangazi cha 1993 mto ulikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, upande wa Iringa. Ukakauka tena miaka iliyofuata, viboko wakibanana katika madimbwi yaliyosalia.

Bwawa la umeme la Mtera, lililo chini zaidi kwenye mto huo, lilipopungukiwa maji na mgawo wa umeme ukaanza, lawama ziliwaangukia wakulima na wafugaji wa Usangu. Utafiti wa mradi wa SMUWC, na baadaye mradi wa RIPARWIN ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Sokoine, haukuunga mkono lawama hizo. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika. Maji ya kiangazi ni kidogo mno kuweza kulijaza bwawa hilo. Jinsi mabwawa ya Mtera na Kidatu yalivyoendeshwa ilikuwa na uzito zaidi. Kosa la Usangu lilikuwa jingine: mabanio yaliendelea kuvuta maji kiangazi, wakati mashamba mengi hayana mpunga. Uvutaji huo ndio uliokuwa ukishusha maji ya Ihefu chini ya mwamba.

RIPARWIN iliwaletea wakulima mchezo wa ubao ulioinamishwa. Gololi, yaani maji, ziliviringika mtoni. Wachezaji waliweka vijiti, yaani mabanio, kuzielekeza mashambani. Wa juu walijaza mashamba yao, wa chini wakaambulia patupu. Kisha walizungumzia zamu.

Serikali ilichukua njia nyingine pia. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi mto utiririke mwaka mzima ifikapo 2010. Kuanzia 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu, na 2008 eneo hilo likaingizwa hifadhini. Sheria ya maji ya 2009 ikazipa jumuiya za watumiaji maji nafasi kisheria. Mwaka 2010 ulipita, na mto ukaendelea kukatika kiangazi, kwa kuwa mabanio yaliyo juu ya Ihefu hayakuhama na mifugo.