Kabla ya Karatasi, Zawadi Ilifungwa kwa Nguo

Chini ya cherehani ya fundi wa vitenge, awe kwenye kibaraza mjini Mbarara, Uganda, au kwenye kibanda cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hakukosi gunia la vipande. Kitenge huuzwa kwa yadi 6, na hata mkataji hodari huacha pembe za shingo na mabaki ya mikono. Kipande cha viganja viwili hakimvishi mtu. Kinatosha, hata hivyo, kufungia hereni, sabuni au chupa ya manukato.

Ushonaji wake hauna siri. Fundi hukunja ukingo wa juu na kuacha njia ya kamba, hukunja kitambaa katikati, sura ikiwa ndani, hushona mbavu mbili, kisha hukipindua. Anayetaka bahasha badala ya mfuko huacha ulimi upande mmoja na kutia kifungo.

Bahasha? Ndiyo. Leo neno hilo linatuletea picha ya karatasi na gundi, lakini kamusi za kale za Kiswahili zinaitaja kuwa mfuko wa mraba wa kutilia vitu. Furushi nalo halijawahi kuacha kuwa la nguo. Na bibi wa pwani, akitaka kumpa mjukuu hela, hufungua fundo katika pindo la leso yake. Karatasi ya maua na utepe unaong'aa ni wageni wa juzi.

Leso yenyewe ilianza ikiwa ndogo. Jina lake linatokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua vitambaa hivyo na kushona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi. Ndiyo asili ya kanga. Wao walitoka kwenye vidogo wakapata kikubwa. Fundi wa mifuko ya zawadi anatoka kwenye kikubwa na kurudi kwenye vidogo.

Bara nako zawadi haikwenda wazi. Kilima cha Kamukuzi, mjini Mbarara, kilikuwa na jumba la Omugabe, mfalme wa Ankole, kabla Uganda haijafuta falme mwaka 1967. Katika nchi hiyo ya ng'ombe, maziwa hutiwa katika ekyanzi, chombo cha mti, na juu yake huketi kifuniko kirefu kilichosukwa kwa ustadi. Katika kuhingira, sherehe ya kumuaga bibi harusi, vyombo hivi huwa miongoni mwa zawadi anazoondoka nazo kwao. Hakuna anayepokea ekyanzi akatupa kifuniko. Kinachofunika ni sehemu ya kinachotolewa.

Kitenge kilikuja kwa njia ndefu zaidi. Waholanzi waliiga kwa mashine batiki za Java, na kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa Helmond mwaka 1846, ikawa mashuhuri kwa nguo hizo Afrika. Nchini Uganda, kiwanda cha Nyanza Textile kilijengwa Jinja katika miaka ya 1950, jirani na umeme wa bwawa la Owen Falls. Miaka hiyo hiyo, mwaka 1958, Nakivale ilianzishwa huko Isingiro, na Wanyarwanda wakawa wa kwanza kupokewa kwa wingi. Baadaye walifika Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Wakongo walikuja na jina lao la kitenge, kikwembe, na mapenzi yao makubwa kwa nguo hiyo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na cherehani ni karakana isiyohitaji shamba wala jengo.

Wakati huo huo mifuko ya plastiki ilikuwa ikilaumiwa. Uganda ilitangaza kupiga marufuku kavera, yaani mifuko nyembamba ya plastiki, mwaka 2007, ingawa bado inapepea sokoni. Rwanda ilifuata mwaka 2008 kwa mkono mzito, Kenya 2017, Tanzania 2019. Nchini Japani nako, mwaka 2006, waziri wa mazingira Yuriko Koike aliwahimiza watu wake warudie furoshiki, kitambaa chao cha kale cha kufungia vitu, ili wapunguze taka. Yaani nchi tajiri ya viwanda ilirudi kujifunza kwa bibi zake.

Fundi wa Nakivale hahitaji waziri wa kumkumbusha. Kwake kipande kimelipiwa tayari, na kukitupa ni kutupa hela. Naye anayepewa zawadi hachani chochote: anafungua kamba, anatoa sabuni, na mfuko unabaki. Sabuni itakwisha baada ya wiki chache. Mfuko utawekwa mahali salama, na ndani yake itatiwa kadi ya kliniki ya mtoto, pamoja na karatasi za usajili zisizotakiwa kulowa wala kupotea. Hapo utakuwa umerudi kuwa bahasha, kama kamusi za kale zilivyosema.