Wagonjwa Wangapi, na Katika Watu Wangapi?

Mwaka wa 1863 bibi mmoja Mwingereza, Florence Nightingale, alitoa kwa mara ya tatu kitabu chake juu ya hospitali. Ndiye yule aliyewauguza askari katika vita vya Krimea, ambako maradhi yaliua wengi kuliko silaha. Ndani ya kitabu hicho mlikuwa na hesabu iliyowashtua waganga wa nchi yake. Katika hospitali 24 za London, mwaka wa 1861, walikufa wagonjwa 3,828, nao waliolala humo walikuwa 4,214. Yaani 90 na zaidi katika kila 100! Nani tena angekubali kumpeleka mama yake hospitalini?

Waganga walikasirika, na sababu walikuwa nayo. Mwenye hesabu hiyo ni William Farr, wa ofisi ya serikali iliyoandika vizazi na vifo. Alichukua vifo vya mwaka mzima, akavigawanya kwa wagonjwa waliokutwa vitandani siku moja tu, tarehe 8 Aprili. Tutoe mfano. Hospitali ina vitanda 100, na kila mgonjwa hukaa mwezi mmoja. Kwa mwaka watapita humo watu 1,200. Wakifa 90, Farr atasema ni 90 katika 100. Mganga atasema ni 90 katika 1,200. Vifo ni vilevile, lakini wa kwanza anatangaza msiba na wa pili anasema hospitali yake ni njema. Farr hakuwa mjinga: alitaka kupima vifo kwa muda ambao watu walikaa vitandani, na kipimo hicho kina kazi yake. Ila wasomaji wengi hawakuambiwa wazi wanasoma kitu gani.

Hata hivyo hesabu ya waganga nayo ilikuwa na tundu. Hospitali ikimrudisha nyumbani mgonjwa aliye karibu kufa, daftari lake linabaki safi. Tena hesabu zote mbili zilitazama ndani ya kuta tu. Watu wa nje, wale ambao hawakuingia kabisa, hakuna aliyewauliza.

Kuwaingiza hao wa nje ndiko kulikobadili mambo baadaye. Mtu anapotoka hospitalini, akiwa mzima au akiwa maiti, karani huandika umri wake, ugonjwa wake, siku alizokaa, na mahali anapokaa. Huandikwa wakati wa kutoka kwa sababu ndipo ugonjwa unapojulikana vema. Siku ya kuingia mara nyingi ni kukisia. Kisha kila mmoja ahesabiwe kwa kijiji chake, hata kama alitibiwa mbali. Hospitali kubwa ya misioni hupokea watu toka pande zote. Ukiwahesabu wote kwa kijiji kilicho mlangoni pake, utadhani kijiji hicho kimelaaniwa. Mwisho, gawanya kwa watu wote wa mahali pale, wagonjwa na wazima, ukiangalia umri wao pia, maana wazee huugua kuliko vijana.

Sasa tazama yaliyofunuliwa kwa njia hii. Mwaka wa 1938 mganga Mwingereza, James Alison Glover, alionyesha hesabu za watoto wa shule waliokatwa findo za koo. Mji mmoja uliwapasua watoto wengi, na mwingine wachache, wala hakuona sababu katika hewa, umaskini au chakula. Huko Hornsey mganga wa shule alibadilishwa, na mara upasuaji ukashuka hata chini ya sehemu ya kumi. Koo za watoto hazikubadilika. Wala hili halikuwa jambo dogo, kwa kuwa kila mwaka watoto wengine walikufa kwa kisu hicho.

Marekani ilikuwa hivyohivyo. John Wennberg na mwenzake Alan Gittelsohn waliligawa jimbo la Vermont katika maeneo 13, wakahesabu waliotoka hospitalini kwa makao yao. Wennberg alitazamia kukuta watu wanaokosa matibabu. Katika maandiko yao ya mwaka 1973 tunasoma kwamba eneo moja liliwakata findo watu 13 katika kila 10,000 kwa mwaka, na jingine 151. Walipoulizwa majumbani mwao, watu wa pande hizo walionekana kuugua karibu sawa. Tofauti ilitoka katika desturi ya waganga wenyewe, kila mmoja akiamini kwamba yake ndiyo dawa.

Msomaji asifikiri basi kwamba hesabu ndogo ni njema daima. Mahali ambapo barabara ni mbovu na fedha haba, wachache hutoka hospitalini kwa sababu wachache waliweza kuingia. Na mtu mmoja aliyelazwa mara tatu huonekana kama watu watatu, asipofuatwa kwa jina. Hesabu huonyesha mahali pa kuuliza tu.

Waganga wa Morrisville, katika Vermont, walikubali kuulizwa. Walipoonyeshwa kwamba wanakata kuliko wenzao, walianza kuchunguza upya kila mtoto kabla ya kumpeleka kwenye kisu. Katika miaka michache watoto waliokatwa wakapungua sana.